Hema la kupima VVU lisiwekwe nyuma ya goli

Nenda uwanja wowote wa mchangani jioni ya mechi. Wale wanaotafutwa na kampeni za Ukimwi wote wapo: bodaboda, vibarua wa mashamba ya chai, mafundi, mabinti wanaouza karanga, vijana waliomaliza shule na hawajapata kazi. Ni haohao ambao kituo cha afya kinawasubiri asubuhi na hawatokei. Mwanamke akipata ujauzito atapimwa kliniki. Kijana wa kiume anayejiona mzima, nani atampima?

Swali hilo ni zito zaidi Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa wenye miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 nchi nzima. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa ya Sabasaba, Samora na Sokoine, na ya viwanja vya vumbi visivyo na idadi ambako kombe la mbuzi hujaza watu kuliko mkutano wa kijiji.

Soka limeshaifanya kazi hii. Mwaka 2002, mjini Bulawayo, Zimbabwe, Tommy Clark, Mmarekani aliyewahi kuichezea Highlanders, alianzisha Grassroot Soccer na wenzake. Alikuwa ameona wachezaji wenzake wakifa kwa Ukimwi na watu wakikaa kimya. Walimu hawakuwa madaktari, walikuwa wachezaji wanaojulikana mtaani. Zoezi lao moja ni la chenga: kila koni ni hatari, mfano ngono bila kinga. Ukiigusa unapiga pushapu, raundi inayofuata timu nzima inapiga na wewe. Mtoto haambiwi kwamba kosa lake linawagusa wengine, anaona mwenyewe wenzake wanavyohema.

Hapa nchini kilichozoeleka ni bonanza la Desemba Mosi. Fulana, spika, mgeni rasmi, picha, basi. Mbaya zaidi, hema la kupima linawekwa nyuma ya goli, mbele ya macho ya kila mtu. Kijana akitoka humo amenuna, uwanja mzima umeshamhukumu kabla ya filimbi ya mwisho. Nani ataingia?

Njia ipo. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe na kushusha umri wa kupimwa bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kila timu ya ligi ya wilaya inaweza kuwa na wachezaji wawili waliofundishwa na mganga wa eneo, mmoja wa kike pale penye timu ya wanawake, maana binti hatamweleza kocha mwanaume kila kitu. Wajue kipimo cha kujipima kinapatikana wapi, na kwamba kikionyesha maambukizi lazima yathibitishwe kituoni. Wajue aliyebakwa au kondomu kumpasukia ana saa 72 tu za kuanza dawa ya kuzuia. Na wajue anayetumia ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono, na namba yake kikosini inabaki palepale.

Marekani ilikata misaada mwaka 2025, hivyo kusubiri mfadhili alete hema ni kujidanganya. Vyama vya soka vya wilaya vinakaa na timu kila msimu kupitia kanuni za ligi. Kifungu hiki kimoja kinaweza kuingia kwenye kikao kijacho, kabla ratiba haijatoka.