Kuogopa si Dhambi, Kuficha Kikohozi ni Hatari



Mtu anakohoa wiki mbili, tatu, mwezi unakwisha. Jioni anapata homa, usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa, nguo zinaanza kumpwaya. Anajua kabisa kwamba hali si ya kawaida, lakini haendi zahanati. Baba anasema ni vumbi la barabarani. Mama anasema ni moshi wa jikoni. Bibi anauliza ni nani aliyemloga. Mgonjwa mwenyewe ana woga wake: wakisikia ni kifua kikuu, watasema ana UKIMWI.

Ni kweli kwamba mwenye virusi vya UKIMWI hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, ndiyo maana hospitalini hupimwa vyote viwili. Lakini wako wengi wenye kifua kikuu wasio na virusi hivyo. Ugonjwa huu huenea kwa hewa: mgonjwa akikohoa, vijidudu huruka, na aliye naye katika chumba kisichopitisha hewa huvivuta. Hauambukizi kwa sahani, kwa kikombe, wala kwa kupeana mkono wa amani kanisani. Kumtengea mgonjwa kijiko chake huku madirisha yamefungwa usiku kucha ni kumwaibisha bure.

Wako Wakristo wanaodhani kuogopa ni upungufu wa imani. Mimi sikubali. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemani alishikwa na hofu na uchungu, akaomba kikombe kile kimwondokee, wala hakukimbia. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alitema damu kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896. Kifua kikuu kilimuua tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Miezi ile alijaribiwa sana katika imani, akawa gizani kana kwamba mbingu haipo, lakini akaendelea kusali. Kijidudu cha ugonjwa kilikuwa kimekwisha kujulikana tangu mwaka 1882, alipokitangaza Robert Koch huko Berlin. Dawa hapakuwa nayo. Streptomaisini, ya kwanza kukiua, ilipatikana mwaka 1943.

Sisi tunayo dawa. Mgonjwa hutoa makohozi, yanapimwa, na akikutwa na ugonjwa kwa kawaida hunywa vidonge kwa miezi 6. Hapa Tanzania matibabu haya hutolewa bure. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa asishtuke, ni dawa. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula inarudi, na hapo ndipo penye mtego. Mtu anajiona mzima, anaacha vidonge, vijidudu vilivyobaki vinazoea dawa, na ugonjwa unarudi ukiwa sugu.

Hapo nina neno, na najua si wote watakaolipenda. Kuna wanaoombea wagonjwa na kuwaambia wameshapona, watupe vidonge. Hiyo siiti imani. Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu mganga, na kwamba Mungu ndiye aliyeziotesha dawa katika nchi. Padre akija kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu hamwambii aache matibabu. Aliyeombewa na arudi kituoni apimwe tena. Kama kweli amepona, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayesema dawa zikome.

Woga wa mgonjwa mara nyingi una sababu zake: nauli, vibarua atakavyokosa, vidonge vinavyochoma tumbo lisilo na kitu. Kumwambia awe na imani halafu kila mtu arudi kwake ni kumwachia mzigo peke yake. Jumuiya ndogondogo inaweza kufanya zaidi. Mmoja amsindikize kupima makohozi. Mwingine, ambaye mgonjwa anamwamini na asiye na mdomo mrefu, amwone akimeza dawa kila siku. Akina mama wapeane zamu ya uji. Na kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 5, apelekwe naye kituoni hata kama hakohoi, maana watoto wa umri huo hushikwa upesi, na wapo wanaopewa dawa ya kuwakinga kabla hawajaugua.