MIAKA YA KAMBINI NA MSHAHARA WA URAIANI

Mwanafunzi aingiapo chuo kikuu kusoma uchumi wa kazi, yaani elimu ya ajira, mishahara na ujuzi wa watu, huenda mfano mmoja wapo wa kwanza atakaopewa ukawa ni wa askari. Yafaa ndugu zetu wa jeshi na polisi nao waujue mfano huo, maana unawahusu wao kuliko unavyomhusu mwanafunzi.

Swali lenyewe ni hili: je, utumishi wa jeshi humwongezea mtu kipato baada ya kuvua sare, au humpunguzia? Mtu aweza kudhani yatosha kulinganisha mishahara ya waliotumikia na ya wasiotumikia. La, haitoshi. Wanaoingia jeshini si sawa na wanaobaki nje. Pengine wana afya bora zaidi, pengine walikosa kazi nyingine. Na tofauti utakayoiona baadaye huenda walikuja nayo tangu siku ya kuandikishwa.

Marekani ilitoa jawabu bila kukusudia. Tarehe 1 Desemba 1969, wakati wa vita vya Vietnam, tarehe zote 366 za kuzaliwa zilitiwa ndani ya vidonge vya plastiki, zikachotwa moja moja ili kupanga nani atangulie kuitwa jeshini. Ya kwanza kutoka ilikuwa 14 Septemba. Kura nyingine zilipigwa mwaka 1970 na 1971. Kura haimjui hodari wala goigoi. Kwa hiyo walioangukiwa na walionusurika walikuwa vijana wa namna moja.

Mwaka 1990 mtaalamu Joshua Angrist alichapisha uchunguzi wake juu ya kipato cha vijana hao. Alikuta kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazungu waliopitia jeshini walikuwa wakipata karibu asilimia 15 pungufu kuliko wenzao. Kwa hesabu yake, ilikuwa kana kwamba wamepoteza uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi. Kwa wasio wazungu hakuona tofauti ya kutegemewa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba pengo lile lilififia wale watu walipokaribia umri wa miaka 50. Angrist alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2021.

Wapiganaji wasilisikie jambo hili kama tusi. Haisemwi kwamba askari wale walikaa bure. Yasemwa kwamba tajiri wa uraiani hakuihesabu miaka yao. Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964 juu ya rasilimali watu, aligawa ujuzi mara mbili: ule utumikao kwa mwajiri yeyote, na ule utumikao kwa mwajiri mmoja tu. Udereva wa lori, upishi, uuguzi na ufundi wa redio ni wa aina ya kwanza. Kulenga kombora ni wa aina ya pili. Sisi tuliopita chuo cha makadeti twajua kusoma ramani usiku wa manane penye mvua, walakini hatujaona bado tangazo la kazi gazetini likiulizia jambo hilo.

Hapa Uganda jambo hili si la vitabuni. Kati ya mwaka 1992 na 1995 askari zaidi ya 36,000 walipunguzwa jeshini, wakarudishwa kwao na msaada wa kuanzia maisha. Mwenye shamba alikuwa na pa kushika jembe. Asiye na shamba alikuwa na mikono yake tu, na ujuzi ambao hakuna karatasi iliyoushuhudia.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba koplo afunguaye injini ya lori kila siku afanyiwe mtihani wa ufundi wa serikali angali kazini, apewe cheti kile kile apewacho fundi wa mjini. Vivyo hivyo mpishi wa mesi na konstebo anayeandika faili za kesi. Makamanda waitie mitihani hiyo katika ratiba ya mafunzo ya mwaka, wala wasiingoje barua ya kustaafu. Maana siku barua hiyo ifikapo, karakana ya kikosi huwa imekwisha kumfungia mtu mlango.