CHIKANDA: SOSEJI ISIYO NA NYAMA

Wiki hii tuyaache mambo ya mahaba kidogo, tuongelee tumbo.

Ukifika Tunduma, kabla hujavuka kwenda Nakonde, ulizia chikanda. Wengine huku tunaiita kikande. Kwa macho ni soseji nene ya kahawia iliyokatwa vipande, ndiyo maana Wazambia waliipachika jina la poloni. Lakini humo nyama hamna hata chembe! Ni karanga na viazi vya okidi, yale maua ya porini.

Mama ninayekula kwake alifundishwa na mama yake, na siku hizi anayetwanga ni bintiye. Viazi vinaoshwa, vinaanikwa, vinatwangwa unga. Maji yakichemka na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi, unga unatiwa kidogo kidogo huku unasonga mpaka mkono uume. Kisha funika, makaa chini na juu ya mfuniko. Ikipoa inakatwa kwa kisu. We acha tu! Chipsi mayai hazifui dafu hapa.

Tatizo ni kwamba okidi hizi hazilimwi. Zinachimbwa, na ukishang'oa kiazi ua ndiyo basi tena. Zambia zilipoadimika, wafanyabiashara wakageukia Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba viazi hadi milioni 4 kwa mwaka vilikuwa vikitoka kwetu kwenda huko. Kitulo, wanayoiita Bustani ya Mungu, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na maua haya ni sababu mojawapo kubwa.

Wajapani nao wana udon, tambi nene ambazo kinyago chake hukandwa hata kwa miguu, na ipo migahawa inayorithishwa baba kwa mwana. Ila wale wanatumia ngano. Ikiisha, inapandwa nyingine. Mama wa watu apande nini?

"Zamani gunia lilikuwa linatoka hapo mlimani tu," aliniambia huku akinikatia kipande. "Sasa linatoka mbali, na viazi vyenyewe ni kama harage."

Kipande nacho kimepungua, mimi shahidi. Binti yake hakusema kitu. Nasikia ameanza kuulizia bei ya kabati la chipsi.