Tahasusi Haichaguliwi kwa Hofu

Wiki hii, kwenye steshenari moja Mbagala, binti aliyetoka kufaulu kidato cha nne alikuwa akibadilisha tahasusi kwenye mfumo wa TAMISEMI: akaitoa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu), akaweka PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Mwenye kompyuta alipomuuliza, alijibu bila kusita kwamba Hisabati ya Juu inaua, ila ndoto yake bado ni uhandisi wa umeme. Inauma kusikia hivyo, maana hakuna aliyemwambia kuwa ameshaipa ndoto yake kisogo. PCB ni njia nzuri ya udaktari, lakini BAM (Basic Applied Mathematics) inayosomwa humo si somo kuu, na uhandisi wa umeme chuo kikuu unadai Fizikia na Hisabati ya Juu. Anayezikimbia hesabu kidato cha tano atazikuta zimekaa mlangoni pa chuo. Tena tuziangalie pointi zenyewe za udahili: A ni 5, D ni 2, kwa hiyo D mbili za masomo hayo zinatimiza 4, kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Ushindani huenda ukadai zaidi, lakini D hizo za jasho humweka kwenye foleni ambayo A tatu za PCB hazimfikishi. Kosa si la binti huyu. Ni la shule zinazompa mtoto orodha ya tahasusi bila kumfungulia mwongozo wa udahili wa TCU, unaotaja sifa za kila programu. Mwalimu wa taaluma na aupitie na wanafunzi wake kabla fomu za uchaguzi hazijajazwa.