Risasi isiyo na mlio

Wadau, Jumamosi nilitoka huku kwetu Pasua kwenda kumsalimia rafiki yangu, askari anayeishi kota (jina la kota nalihifadhi, nisije nikamponza). Tumekaa barazani, mwanawe wa miaka miwili kasimama dirishani anabandua magamba ya rangi, anatia mdomoni. Shemeji akamfokea, "Acha uchafu!" Yakaishia hapo. Kumbe uchafu wenyewe huenda ni sumu.

Naongelea madini ya risasi. Kwa miaka mingi viwanda viliyatia kwenye rangi ya mafuta ili ikauke haraka na ing'ae, hasa njano na nyekundu. Na kota zetu mnazijua: nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta, milango na madirisha rangi ya mafuta. Yaani pale pale mkono wa mtoto unapofika! Rangi ikichakaa inakuwa magamba na vumbi, mtoto anameza, risasi inaingia kwenye damu mpaka ubongoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Najua mtaniambia, "Mbona TBS wana kiwango?" Kweli kipo: risasi isizidi miligramu 90 kwa kilo moja ya rangi. Hongera zao. Lakini hicho ni kiwango cha kopo la dukani. Mwaka 2009 shirika la AGENDA la Dar es Salaam na wenzao wa kimataifa walipima rangi za mafuta za madukani kwetu, nyingi zikakutwa zimepita kiasi hicho kwa mbali. Sasa rangi iliyopakwa miaka ile imekwenda wapi? Ipo ukutani, chini ya tabaka jipya.

Na mwenye nyumba ni nani? Serikali yenyewe! Askari hachagui kota, anapangiwa. Kwa nidhamu ya kazi yake hawezi kuandamana wala kuja gazetini kwetu kulalamika. Kiongozi akitangaza ziara ndipo mafundi wanaletwa, wanakwangua kwa msasa mkavu, vumbi linajaa nyumba nzima na watoto wamo humo humo. Eti ukarabati.

Msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Marekani walipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, lakini mwaka 2018 Reuters wakafichua watoto wa wanajeshi waliodhurika nayo kwenye nyumba za jeshi, Fort Benning. Marufuku bila ukaguzi ni karatasi tu. Na hapo jirani Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, risasi ilitoka kiwanda cha betri. Hata hivyo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na taasisi za serikali zikabebeshwa sehemu yake kwa kutosimamia.

Sidai maghorofa. Pimeni rangi kwenye kota za zamani. Pimeni damu za watoto, majibu wapewe wazazi. Pigeni marufuku kukwangua kavu. Ukuta uloweshwe kwanza, familia ihamishwe.

Askari tumemfundisha kujikinga na risasi yenye mlio. Hii isiyo na mlio inamsubiri mwanawe dirishani. Hivi nani kazi yake kuikagua? Mwenye jibu anijibu.