Kabla Mama Hajapanda, Tukwangue

Msimu uliopita nyumbani kwetu Mamboya, Kilosa, mama alinunua mbegu za mahindi dukani. Pakiti imefungwa vizuri, lebo ipo. Mvua ikanyesha, shamba likaota robo tu. Muuzaji akamjibu: "Mama, mimi nauza nilivyoletewa."

Marekani kuna watu wanauziana vitabu vya katuni vya zamani, vimefungwa kwenye kasha la plastiki lenye alama ya ubora. Matapeli wakajifunza kubadilisha kitabu, kasha na alama vikabaki. Mnunuzi analipia lebo. Lakini yule kapoteza pesa ya starehe. Mama kapoteza ugali wa mwaka.

TOSCI, wenye makao makuu Morogoro, wana lebo ya kukwangua: unapata namba, unaihakiki kwa simu. Mama hakukwangua. Nani alimwelekeza? Mimi mwenye simu janja nilikuwa chuoni, bando lote naangalia mpira.

Wanachuo wenzangu, tusiishie kulaani mbegu feki. Likizo hii twende na wazazi dukani, tukwangue hapo hapo kabla ya kuondoka, na risiti tuitunze pamoja na pakiti. Mimi naanza na mama.