Mama, weka ndara chini kwanza

Jumapili nilikuwa kwa dada yangu, kando ya Ziwa Victoria. Mwanawe wa miaka minne alitoka chumbani mbio: "Mama, buibui!" Dada akashika ndara. Nikamwomba asubiri.

Alikuwa mdogo kama punje ya mchele, anatembea kidogo, anasimama, kisha anaruka. Buibui warukaji hawategi utando. Huwinda kwa macho, na wanayo manane.

Mzazi, huenda hujui kwamba jamaa yao mmoja ni adui wa mbu. Anaitwa Evarcha culicivora, yaani mla mbu, na hupatikana kandokando ya ziwa hili, Kenya na Uganda. Wanasayansi walimpa jina hilo mwaka 2003. Miaka miwili baadaye, Robert Jackson na wenzake, waliomchunguza kule Mbita, walieleza kuwa hupenda hasa mbu jike aliyeshiba damu. Yeye mwenyewe hawezi kutufyonza, hivyo damu huipata ndani ya mbu.

Tena huchagua. Humpenda zaidi anofelesi, mbu anayeeneza malaria, na humtambua kwa anavyotua akiwa ameinua tumbo juu. Mwaka 2011 ilibainika pia kuwa huvutiwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Harufu ya binadamu humwongoza kwenye mawindo.

Je, tumwachie kazi? Hapana. Fikiria: anamtaka mbu aliyekwisha kunywa damu. Mbu huyo hatamuuma mtu mwingine kesho, lakini mwanao tayari ameumwa.

Kwa hiyo:

• Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata msimu wa kiangazi.

• Akipata homa, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, hasa akiwa chini ya miaka mitano. Usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha.

• Mfundishe kumtazama buibui bila kumshika. Si wote ni warukaji, na wachache wana sumu kali.

Yule wa kwa dada sikuweza kumtambua ni wa aina gani. Tulimwacha aende zake. Kilichonitia hofu kilikuwa juu ya kitanda: chandarua kina tundu linalopitisha ngumi. Dada akaenda kutafuta sindano na uzi.

Chako ulikikagua lini?